Kabla ya kuhesabu makala, ulizeni umri wa mti

Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya umma vinavyofundisha kilimo, wakurugenzi wa vituo vya utafiti wa mazao, na wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Barua hii imetokana na mhadhiri kijana aliyeniletea wasifu wake niupitie kabla hajauwasilisha kwenye kamati. Kijana huyu aliajiriwa kwa ajili ya maembe. Ndivyo barua yake ya ajira inavyosema. Nikafungua orodha ya machapisho yake, nikasoma makala zote 14, moja baada ya nyingine. Nyanya zilizohifadhiwa siku 12 katika viwango tofauti vya joto. Mbegu za papai zilizoloweshwa, kisha zikahesabiwa zilizoota. Wakulima 120 walioulizwa kuhusu matumizi ya mbolea. Makala za embe zilikuwa mbili tu, na zote mbili zilihusu matunda yaliyonunuliwa sokoni. Mti wenyewe haukuwamo popote.

Nikamuuliza, "Mwanangu, na ile miembe yako?" Akainama kidogo, akasema, "Dokta, miembe ipo, ila haijazi fomu."

Nimefanya kazi na miti ya matunda kwa miaka 26, na jibu lile nalijua kwa sababu na mimi nilishawahi kuliishi. Naomba mnivumilie nieleze mwembe unavyofanyiwa utafiti, maana wengi wenu mnatoka kwenye fani ambazo jaribio huanza na kwisha ndani ya mwaka mmoja wa masomo.

Mbegu ya shina, yaani mche utakaobeba aina nyingine juu yake, inasiwa kitaluni. Mche unasubiriwa hadi unenepe kiasi cha penseli, ndipo ubebeshwe kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa kwenye mti wa aina unayotaka. Ukishika, unakuzwa, unangoja mvua, unahamishiwa shambani. Mwembe wa kubebesha huanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu au wa nne, na mtaalamu mwangalifu huyaondoa yale ya mwanzo ili mti ujenge mwili kwanza. Ule ulioota kwa mbegu tu waweza kumaliza miaka sita au zaidi bila tunda. Basi ukifika mwaka wa tano au wa sita ndipo unapopata mavuno yenye maana ya kupimwa. Na hapo bado kuna tabia ya mwembe ambayo kila bibi wa Pwani anaijua: mwaka huu unazaa hadi matawi yanavunjika, mwaka unaofuata unapumzika. Mtafiti akichukua vipimo vya msimu mmoja anaweza kuutangaza mti mbaya kuwa mzuri, na mzuri kuwa mbaya, kwa sababu tu ameukuta katika mwaka wake wa kushiba au wa kupumzika. Misimu miwili haitoshi. Ukitaka kusema neno ambalo mkulima ataweka shamba lake juu yake, unahitaji misimu minne, mitano, sita.

Jumlisheni wenyewe. Makala moja ya kweli kuhusu shina lipi libebe aina ipi ya embe inakula miaka kumi ya maisha ya mtu. Mwenzake wa maharage, mwenye mvua za vuli na za masika, ameshavuna mara ishirini katika muda huohuo. Sisemi kazi ya maharage ni nyepesi, na wala simwonei wivu. Ninachosema ni kwamba wote wawili wanajaza fomu ileile, na kikao kinawauliza swali lilelile: makala ngapi tangu cheo cha mwisho?

Mwaka 2008 nilipanda jaribio la miembe 144. Aina nne: dodo, Apple, Kent na Keitt, kila moja juu ya mashina ya aina tatu za embe za kienyeji. Fedha za mradi zilikuwa za miaka mitatu, ndiyo kusema zilikwisha kabla mti wa kwanza haujatoa embe la kupima. Palizi ya mwaka wa nne nililipa kwa mshahara wangu. Ya mwaka wa tano tuligawana na fundi wa shamba, mzee aliyekuwa akiijua miti ile kwa nafasi zake kama mwalimu anavyojua wanafunzi wake darasani. Mwaka 2015, tukiwa na mavuno ya misimu mitatu mkononi, mmoja kati yake ukiwa wa mapumziko, eneo lile lilisafishwa kwa ajili ya jengo. Nilikuwa safarini. Niliporudi nilikuta visiki, na mzee amekaa pembeni ameshika daftari.

Taasisi sitaitaja. Mambo ya namna hii nimeyasikia kwa wenzangu wa sehemu nyingi, na lengo langu si kumshitaki mtu. Kutokana na miti ile niliandika makala moja, nikieleza kwa uaminifu kwamba data haikutosha kutoa hitimisho la mwisho. Nilipoomba kupandishwa cheo, makala ile ilipata alama sawasawa na nyingine niliyoiandika kwa miezi mitano kutokana na dodoso. Nilipanda cheo, ndiyo. Lakini nilipanda kwa madodoso.

Sasa angalieni kinachotokea nchi nzima mnapoweka mizani ya namna hiyo. Kijana ana akili, anasoma alama za nyakati, anahama kutoka kwenye mti kwenda kwenye jambo linaloisha kabla ya tarehe ya kikao. Ndiyo maana maktaba zetu zimejaa makala kuhusu uotaji wa mbegu, muda wa kukaa kwa tunda sokoni, na maoni ya wakulima, halafu mkulima wa Mkuranga akija kuuliza apande embe gani juu ya shina gani katika mchanga wake, tunamjibu kwa vitabu vya India na Florida. Mchanga wa Florida si wa Mkuranga.

Wenzetu waliopata matunda makubwa walikubali kungoja. Tofaa la Honeycrisp, ambalo leo linauzwa kwa bei ya juu Marekani, lilitokana na uchavushaji uliofanywa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1960, na likatolewa kwa wakulima mwaka 1991. Ni miaka 31. Mtu aliyechavusha ua lile, kama angepimwa kila baada ya miaka mitatu kwa mizani yetu, angeshauriwa mapema sana aachane na matofaa. Na tusiende mbali. Mwaka 2021 TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, ilitoa aina nne za migomba, TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4. Nyuma yake kuna kazi ya NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990. Mgomba wa kuliwa karibu hauna mbegu. Mtafiti anachavusha mikungu kwa mikungu apate mbegu chache, nazo haziwezi kuachiwa udongo, lazima kiinitete chake kikuzwe maabara. Kisha mmea unapandwa, unaangaliwa kama unahimili magonjwa, unapikwa, unaonjwa na watu wa Kagera wasiodanganyika kwa ladha ya ndizi. Kwa robo karne. Ni makala ngapi zinatosha kueleza jambo hilo, na zigawanywe kwa watafiti wangapi?

Nisieleweke vibaya. Siyadharau machapisho, nayapenda. Wapo watafiti wa matunda hapa kwetu ambao orodha yao ya machapisho ni hazina ya taifa, na mfano ninaoupenda ni wa inzi wa matunda. Mwaka 2003 inzi mgeni kutoka Asia aligunduliwa Kenya, na muda mfupi baadaye akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu wakampa jina, Bactrocera invadens. Embe lililotobolewa naye kwa nje linaonekana zima, ukilipasua ni funza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na makumbusho ya Tervuren ya Ubelgiji, wakaanza kazi ya subira katika mashamba ya Morogoro, mabondeni na milimani. Waliokota matunda ya kila aina, ya kupandwa na ya porini, wakayahifadhi na kusubiri waone ni inzi gani atakayetoka kwenye tunda gani. Walitega mitego mwezi hadi mwezi kujua ni lini wanaongezeka, ni lini wanapungua, na kufikia mwinuko gani wa mlima.

Makala za namna hiyo hazina kishindo. Hazina nadharia mpya ya kuushangaza ulimwengu. Zinasema: tunda hili linamlea, lile halimlei, mwezi huu ni wa hatari. Lakini afisa wa afya ya mimea anayekaa na wanunuzi wa nje anataka hicho hasa, na bwana shamba anataka hicho hasa. Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya inzi wa matunda, ikarudi kwenye soko hilo mwaka 2021. Muda huo wote, kila hatua ya kulirudisha soko ilihitaji watu waliokwisha kujua inzi huyo anaishi vipi. Maarifa hayanunuliwi siku soko linapofungwa; yanakuwepo au hayapo.

Kuna jambo jingine hapo ambalo naomba makatibu wa kamati walisome mara mbili. Mwaka 2015 wataalamu walithibitisha kwamba inzi yule si aina mpya, bali ni Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia tangu zamani. Jina likabadilika. Tangu hapo, anayetafuta kazi za inzi huyo kwa jina lake la sasa hawezi kuziona zote zilizoandikwa Afrika kwa jina la kwanza, asipojua kisa hiki. Mtu anaweza kuwa amefanya kazi iliyowaokoa wakulima, na mashine ya kuhesabu ikampunguzia haki yake kwa sababu mdudu amebadilishwa jina. Mtu wa fani atalijua hilo kwa kusoma makala. Anayehesabu kutoka kwenye jedwali hawezi kulijua.

Kipimo cha h mnachokiomba siku hizi kwenye wasifu, kinachounganisha wingi wa makala za mtu na wingi wa kunukuliwa kwake, kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, akiwafikiria wanafizikia wenzake. Hakuwa akiwaza miembe. Mwaka 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco walitunga azimio la kuzisihi taasisi ziache kumpima mtafiti kwa hadhi ya jarida alilochapishia, na mwaka 2015 likaja tamko la Leiden kuhusu vipimo vya utafiti, ambalo miongoni mwa kanuni zake kumi linataka ulindwe utafiti bora unaohusu mahitaji ya mahali, na linakumbusha kwamba fani hazichapishi wala kunukuliwa kwa kasi moja. Hayo si malalamiko ya Waafrika waliokosa nafasi. Yamesemwa na walewale tunaowaiga.

Serikali yetu ilipotangaza mwaka 2022 tuzo ya shilingi milioni 50 kwa Watanzania watakaochapisha kwenye majarida ya hadhi ya juu duniani, nilifurahi kuona sayansi inapewa thamani. Bado naifurahia nia hiyo. Lakini fikirini ni tunda gani litakaloshinda tuzo hiyo. Makala ya zabibu au tofaa itanukuliwa na mamia, kwa kuwa nchi tajiri zinalima zabibu na matofaa. Nani atamnukuu aliyeandika kuhusu bungo? Tunakunywa juisi yake Unguja na Pwani yote, wanawake wanasomesha watoto kwa kuiuza, na ukitafuta mtu aliyetumia miaka yake kujua mbungo unazaaje na unaboreshwa vipi, utatafuta sana. Vivyo hivyo shokishoki wa Muheza na Zanzibar. Vivyo hivyo furu, zambarau, na embe dodo lenyewe. Tunda ambalo nchi tajiri hazilitegemei litakuwa na wasomaji wachache huko, na hiyo ndiyo sababu ya kulisoma sisi.

Kisha kuna kazi ambayo haiwi makala kabisa. Nenda barabarani, utaona miche ya parachichi imepangwa na kibao kimeandikwa "Hass". Mkulima ananunua, anapalilia miaka minne, tunda linatoka la aina nyingine, mnunuzi analikataa. Kila parachichi la Hass la kweli duniani limetoka kwa kubebesha, likirudi kizazi kwa kizazi hadi kwenye mti mmoja uliokuwa La Habra Heights, California, katika shamba la Rudolph Hass, mpeleka barua wa posta aliyeupatia hataza mwaka 1935. Mti ule ulikufa mwaka 2002. Tulicho nacho ni nasaba tu: kikonyo hiki kimetoka kwenye mti ule, na ule umetoka kwenye ule. Mtafiti anayetunza shamba la miti mama, akaandika kila kikonyo kilichotoka, siku gani, kwenda kitalu gani, anamlinda mkulima wa Njombe na Rungwe kuliko makala yoyote. Kwenye fomu yenu anaandika wapi? Hakuna mstari. Kijitabu cha Kiswahili kinachofundisha namna ya kudhibiti magonjwa ya chule na ubwiriunga kwenye maua ya mwembe, kilichosomwa hadi kikachakaa, kinawekwa chini kabisa, pengine kwa sifuri, huku makala ya Kiingereza ambayo mkulima hataiona ikipewa alama kamili.

Shinikizo hili limezaa na aibu pia, nisiifiche. Majarida ya kulipia yasiyokagua chochote yanatuandikia barua pepe kila siku, na wapo vijana wanaolipa kutoka kwenye mishahara yao midogo kwa kuwa kikao kimekaribia. Wapo wanaolikata jaribio moja vipande vitatu. Wapo wanaoongeza majina ya wakubwa, wakati fundi wa shamba aliyepima kila embe kwa miaka saba hashukuriwi hata kwa mstari mmoja.

Najua kwa nini mlianza kuhesabu. Kabla ya hesabu watu walipanda kwa kujuana, na mtoto wa mkulima asiye na wa kumshika mkono alibaki chini. Namba zilimpa mtu huyo pa kusimama. Kwa hiyo siombi mzifute. Naomba, kwa mtafiti wa miti ya matunda, kamati iulize kwanza umri wa miti yake. Ina miaka mingapi, ni mingapi, data imetunzwa wapi, na nani mwingine anaweza kuitumia. Data ya shamba iliyopangwa vizuri na kuwekwa wazi ihesabiwe kuwa chapisho. Aina iliyosajiliwa na shamba la miti mama lenye kumbukumbu vipewe mstari wao. Mwombaji achague kazi zake tatu anazojivunia, na wajumbe wawili wanaoijua fani wazisome zote, ukurasa kwa ukurasa, wala wasiishie kuangalia jina la jarida.

Na kuna ombi moja ambalo likikubaliwa peke yake nitashukuru hadi naingia kaburini. Jaribio la miti likishapandwa kwa idhini ya taasisi, lipewe hati yenye tarehe ya mwisho, na asiwepo mwenye mamlaka ya kulikata kabla ya tarehe hiyo bila kamati ya utafiti kukaa, kumsikiliza mhusika na kuandika sababu. Fedha za palizi ziwekwe kwenye bajeti ya kawaida ya kituo, maana wafadhili huondoka mwaka wa tatu na mwembe huanza mwaka wa nne. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji sahihi zenu.

Yule kijana niliyemtaja ana miembe 60 aliyoipanda mwaka 2019. Mwaka jana ilipumzika. Safari hii imechanua hadi majani hayaonekani, na faili lake litafika mezani kabla maembe hayajaiva. Namwombea mjumbe mmoja tu wa kamati, yeyote, aende akaione miti ile kabla ya kikao. Kutoka barabara kuu ni mwendo wa dakika ishirini kwa bodaboda. Daftari liko kwenye kibanda cha zana, na kila mti una namba yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti wa miti ya matunda